Mkarafuu Juu ya Tuta

Shaame, nimeuona.
Umeupanda usiku ukadhani sitajua,
hatua tisa kutoka njia ya ng'ombe,
juu kabisa ya tuta la bwawa.
Majani manne, mekundu bado kama ulimi wa paka.
Umeuzungushia miba ya mlimau usiliwe na mbuzi.

Sikuung'oa. Nilikaa kando yake
kama mtu aliyemkuta mtoto wa jirani na muwa wa wizi,
asijue amchape au amvunjie kipande.

Najua ni wa Raya.
Najua shamba la baba yako lilikwenda na deni
na hapa umeona udongo usio na mwenyewe.
Siku ya arubaini yake ubwabwa niliupika mie,
na mchele ule, kama umesahau, ulitoka hapa chini,
kwenye majaluba yasiyojua kiangazi
tangu tulipolizuia bonde.

Hili tuta halikuumbwa, Shaame.
Tulilibeba kwa mapakacha, miezi mitano,
udongo mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka,
tukalishindilia kwa miguu kama wacheza msewe.
Bibi Zuwena aliacha kidole chake cha mguu humo.
Mpaka leo husema: mie nimeshazikwa kidogo.

Kazi yangu ni ndogo, malipo pishi mbili kwa mavuno.
Asubuhi nasoma mwanzi wenye alama.
Nafukia mashimo ya kaa na panya.
Nang'oa magugu kwenye mchirizi wa mawe ubavuni,
ule ambao Hamad Faki alitaka kuuziba
ati maji yasipotee bure.
Bure!
Maji yasiyopewa njia ya kutokea
hujipa yenyewe.

Masika yaliyopita, mvua ya siku tatu,
weye ulilala. Mie nilishuka na tochi ya simu
mpaka kwenye kitako cha tuta, kwa nyuma,
pale panapotoka jasho siku zote,
nikakinga bilauri.
Yakiwa maangavu, tuta linapumua.
Yakiwa mekundu, tuta linaondoka
chembe kwa chembe, likipitia tumboni mwake,
na nyumba ya kwanza kwenye njia hiyo ni yako.
Nilimulika. Maangavu.
Nikayanywa yote, nimesimama, nimelowa,
kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mkarafuu hauna kosa.
Ila mzizi haubishi hodi.
Utashuka ukifuata unyevu,
miaka utakaa kimya ukinukia,
utamnunulia Raya sare na madaftari,
kisha utakufa, kama vyote, upande mmoja kwanza.
Mzizi ukioza huacha shimo lenye umbo lake,
na maji hayajapata kuuona mlango wazi
yakapita bila kuingia.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hapa usipoziba ufa
hakuna wa kuuliza ukuta ulikuwa wapi.

Basi kesho, jua halijakaza,
njoo na jembe na pakacha moja.
Tutautoa na udongo wake, tusikate hata unywele,
tuupandishe kwangu, nyuma ya banda la kuni.
Shimo nimeshachimba, linanifika gotini.
Mti wa Raya, ardhi yangu:
tutaandikishana kwa sheha
wasije wanangu wakasema vyengine.

Kisha tutarudi kwenye tuta,
tufukie pale ulipopafukua,
udongo kidogo, maji kidogo, tushindilie,
udongo tena.
Na Raya mlete. Mvue viatu.
Ana miaka mitatu tu, lakini ni mzito kwa kimo chake,
na uzito wowote pale
tunauhitaji.